Mnyororo wa pikipiki: Utunze leo usikutupe njiani kesho

NI saa kumi na moja alfajiri. Mwendeshaji wa bodaboda amempakia mama anayekimbizwa hospitalini, nayo barabara ya murram ingali na tope la mvua ya usiku. Wafikapo kwenye mwinuko, pikipiki yatoa mlio mkavu chini ya kiti, gurudumu la nyuma lasita, kisha injini yanguruma bure huku chombo kikianza kurudi nyuma. Mnyororo umeruka kutoka kwenye meno yake. Mwendeshaji analazimika kushuka, kuinama matopeni na kuurejesha kwa vidole vitupu akimulikiwa na simu, huku mgonjwa amesimama kando ya njia akishika kiuno.

Yeyote aliyewahi kusafiri kwa pikipiki mashambani ameliona tukio la aina hiyo au lililo karibu nalo. Aghalabu lawama hutupiwa mzigo, mlima au ubovu wa vipuri vya siku hizi. Hata hivyo, mnyororo mzima uliofungwa sawasawa hauruki kwa sababu ya abiria mmoja wala gunia la mahindi. Huruka kwa kuwa umekuwa ukifa polepole kwa majuma kadhaa, na dalili za kifo hicho zilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angeinama na kutazama.

Tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT mwaka 2008 kwa pikipiki zenye injini ndogo zisizozidi cc 250, chombo hiki kimekuwa tegemeo la riziki kwa vijana wengi nchini. Wengi wao hulipia mkopo wa pikipiki siku kwa siku. Kwa mtu kama huyo, siku moja ya kukaa gereji ni siku ya deni lisilolipwa na sufuria isiyopanda mekoni. Ndiposa inafaa mwendeshaji aelewe jinsi mnyororo na meno yake yanavyofanya kazi, yanavyoharibika na yanavyoweza kulindwa kwa gharama ndogo.

Nguvu hufikaje gurudumuni?

Injini ya pikipiki haikushikana moja kwa moja na gurudumu. Nguvu hutoka kwenye giaboksi kupitia gurudumu dogo la meno ambalo mafundi huliita sproketi ya mbele. Mnyororo huipokea nguvu hiyo na kuipeleka kwenye sproketi kubwa iliyofungwa kwenye gurudumu la nyuma. Mnyororo wa namna hii, wenye bushi na rola, ulibuniwa mwaka 1880 na Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi mjini Manchester, Uingereza. Umbo lake la msingi halijabadilika sana tangu wakati huo.

Ukiutazama kwa karibu, utaona kwamba kila kiungo kina pini inayopita ndani ya bushi, na juu ya bushi kuna rola inayozunguka. Rola ndiyo hukalia bonde lililo kati ya jino na jino. Pini nayo hujipinda ndani ya bushi kila mara kiungo kinapoingia au kutoka kwenye sproketi. Hapo, mahali pasipoonekana kwa macho, ndipo mnyororo unapolika.

Saizi ya mnyororo huandikwa kwa tarakimu ubavuni mwa viungo. Pikipiki nyingi ndogo za kazi hutumia mnyororo wa 428. Tarakimu ya kwanza hueleza umbali kutoka pini hadi pini kwa kuhesabu sehemu za nane za inchi. Kwa hivyo, 4 ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Mnyororo wa 520, unaotumiwa na vyombo vyenye nguvu zaidi, una umbali wa milimita 15.875.

Watu husema kwamba mnyororo wa zamani 'umevutika'. Kwa hakika, chuma chenyewe hakijavutika. Kilichotokea ni kwamba pini na bushi zimesagana na kuacha nafasi baina yao. Tuseme mnyororo una viungo 120, na kila kiungo kimelika kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita. Jumla yake ni milimita 12, karibu urefu wa kiungo kizima! Mnyororo huo sasa ni mrefu kuliko ulivyotoka dukani, ilhali hakuna kiungo hata kimoja kinachoonekana kuwa kibovu.

Hasara haikomei hapo. Umbali kati ya pini na pini umeongezeka, lakini umbali kati ya jino na jino la sproketi umebaki vile vile. Rola hazikai tena bondeni. Hupanda kuelekea kwenye ncha za meno na kuyasukuma kutoka hapo. Meno nayo huanza kulika upande mmoja na kupinda. Mnyororo mbovu huzaa meno mabovu, na meno mabovu huharibu mnyororo mpya. Samaki mmoja akioza huoza wote.

Maadui watatu

Adui wa kwanza ni vumbi. Chembe za mchanga ni ngumu, na zinapochanganyika na mafuta machafu hugeuka kuwa msasa unaosaga pini na bushi usiku na mchana. Vumbi jekundu la kiangazi, tope la masika na mchanga wa Pwani, yote hufanya kazi hiyo hiyo. Ufuoni huongezeka chumvi, ambayo huleta kutu na kuvifanya viungo kuwa vigumu visiweze kujipinda.

Adui wa pili ni kukazwa vibaya. Mnyororo uliolegea kupita kiasi hupigapiga huku na huko, hugonga mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu la nyuma, na mwishowe huruka. Ukiruka wakati pikipiki iko mbioni, waweza kujikunja kwenye sproketi ya mbele na kupasua kasha la injini, au kulifunga gurudumu la nyuma ghafla. Dereva na abiria hawatakuwa na muda wa kujiokoa.

Mnyororo uliokazwa mno nao una madhara yake, ingawa wengi hawayatambui. Abiria wanapopanda, springi za nyuma hushuka, na umbali kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma huongezeka. Mnyororo ambao ulikuwa umekaza wakati pikipiki haina mtu hubaki bila nafasi yoyote. Hapo huvuta ekseli ya giaboksi na beringi za gurudumu kila chombo kinapopita kwenye shimo. Mwendeshaji hushangaa kuona beringi zikifa mapema, asijue kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeziua kwa spana.

Adui wa tatu ni gurudumu lililofungwa upande. Fundi akikaza nati ya upande mmoja kuliko mwingine, gurudumu la nyuma hukaa mshazari, nazo sproketi mbili hazitazamani. Mnyororo hulazimika kupinda kando, jambo ambalo haukuumbiwa. Ukiona ubavu mmoja wa meno ya nyuma unang'aa na kuwa mwembamba, ujue chanzo ni hicho.

Jinsi ya kutambua uharibifu

Kuna vipimo vitatu ambavyo mwendeshaji anaweza kuvifanya mwenyewe asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Kabla ya yote, injini sharti izimwe.

Kwanza, nenda nyuma ya sproketi kubwa, mahali ambapo mnyororo umeizunguka, kisha uvute mnyororo kuelekea kwako kwa vidole viwili. Mnyororo mzima hukataa kutoka mahali pake. Ukivutika hata ukaona nusu ya jino, umekwisha.

Pili, tazama umbo la meno. Meno mapya yana pande mbili zinazofanana. Meno yaliyolika huinama upande mmoja kama pezi la papa, na ncha zake huwa kali. Usisahau kufungua kifuniko cha sproketi ya mbele, kwa sababu hiyo ndiyo hutangulia kuisha. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma ina meno 42. Gurudumu la nyuma likizunguka mara moja, sproketi ya mbele imezunguka mara 3. Kila jino la mbele hufanya kazi mara 3 zaidi ya jino la nyuma, tena likiwa limefichwa mahali ambapo hakuna anayelitazama.

Tatu, pima urefu. Vuta mnyororo unyooke, uhesabu pini 21 mfululizo, kisha upime kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ile ya mwisho. Hapo katikati mna viungo 20. Kwa mnyororo mpya wa 428, urefu huo ni milimita 254. Ukifikia milimita 259, mnyororo umeongezeka kwa takriban asilimia 2 na wakati wa kuubadilisha umewadia. Rula ya mwanafunzi ya sentimita 30 yatosha kwa kazi hii.

Kusafisha na kutia mafuta

Mwendeshaji anayekwenda kilomita 80 kwa siku hufikisha kilomita 500 kabla ya wiki kuisha. Huo ndio wakati ufaao wa kuusafisha mnyororo na kuutia mafuta. Nyakati za mvua, au baada ya kupita mtoni na kwenye tope, usingoje wiki ikamilike.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma lisiguse ardhi. Chukua mafuta taa kidogo na mswaki wa zamani, usugue viungo pande zote, kisha ufute kwa kitambaa kikavu. Usitumie petroli, hukausha mafuta yote yaliyomo ndani, huharibu ringi za mpira katika minyororo iliyo nazo, na huweza kushika moto. Aidha, maji ya mashine ya kuoshea magari yakielekezwa kwenye mnyororo hupenyeza uchafu ndani ya viungo badala ya kuutoa.

Hapa pana onyo lisilopaswa kupuuzwa. Wapo wanaotia gia na kuiacha injini ikizungusha gurudumu, huku wameshika kitambaa kwenye mnyororo ili kazi iende upesi. Kitambaa kikinaswa na meno, mkono hukifuata, na vidole hukatika kabla mtu hajapata nafasi ya kupiga yowe. Zungusha gurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Haraka haraka haina baraka.

Mafuta mazito ya giaboksi hufaa kwa kazi hii, na pia yapo mafuta ya kupuliza yaliyotengenezwa mahususi kwa minyororo. Mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka kwenye injini hayafai, japo hupatikana bure katika kila gereji. Yamebeba masizi na chembechembe za chuma, na anayeyatumia huutia mnyororo wake uchafu ule ule alionuia kuuondoa.

Tia mafuta sehemu ya ndani ya mnyororo, ile inayotazama meno, hasa kwenye mstari wa chini. Gurudumu linapozunguka kwa kasi, mafuta husukumwa kuelekea nje na hivyo kupenya kwenye pini na rola. Ni bora kufanya hivyo jioni baada ya kazi, mnyororo ukiwa na joto, ili mafuta yapate usiku mzima wa kuingia. Asubuhi futa yaliyobaki juu. Mafuta yanayodondoka hayaongezi ulinzi wowote; hualika vumbi tu.

Kukaza ipasavyo

Pikipiki nyingi huhitaji mnyororo uwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 katikati ya mstari wa chini, yaani uweze kupanda na kushuka kiasi hicho ukisukumwa kwa kidole. Kipimo halisi cha chombo chako kimo katika kitabu chake, na mara nyingi kimebandikwa kwenye kibandiko karibu na gurudumu la nyuma. Pima mahali kadhaa huku ukizungusha gurudumu, kwa kuwa mnyororo haulingani kote. Kaza kwa kufuata sehemu iliyokaza zaidi.

Legeza nati kubwa ya ekseli, kisha uzungushe nati ndogo za kukazia kwa kiasi sawa pande zote mbili, ukitazama alama zilizochorwa. Alama hizo zisikufanye uyapuuze macho yako. Chuchumaa nyuma ya pikipiki na utazame kama mnyororo umenyooka kutoka sproketi hadi sproketi. Baada ya kukaza nati ya ekseli, pima tena, kwa sababu kukaza kwaweza kuusogeza mnyororo. Mwisho, waombe watu wawili wakalie kiti na uhakikishe kwamba mnyororo bado una mchezo kidogo.

Iwapo mnyororo umefungwa kwa kiungo chenye klipu, upande wa klipu ulioziba sharti utazame kule mnyororo unakoelekea. Klipu iliyogeuzwa yaweza kugongwa na jiwe au kijiti ikafunguka njiani.

Kifuniko si pambo

Katika vituo vingi vya bodaboda utaziona pikipiki ambazo vifuniko vyake vya mnyororo vimeng'olewa. Wenye nazo husema kifuniko hupiga kelele, huchelewesha fundi au huharibu sura ya chombo. Hata hivyo, kipande hicho cha bati au plastiki ndicho ulinzi wa bei nafuu kuliko wote. Huzuia tope linalorushwa na gurudumu, hupunguza vumbi na hulinda mafuta yasisombwe na mvua.

Isitoshe, kifuniko humlinda abiria. Leso, dera, buibui, shuka au koti refu la mvua likinaswa kati ya mnyororo na meno, humvuta mvaaji kuelekea kwenye gurudumu kwa nguvu ambayo hakuna binadamu awezaye kuishinda. Kabla ya kuondoka, mwendeshaji mwenye busara humwomba abiria wake akunje nguo na kuikalia. Kauli kama, "Mama, tafadhali kunja leso," haigharimu chochote. Kifuniko kikipiga kelele, kifungwe upya kwa skrubu na raba, kisitupwe.

Pikipiki za magurudumu manne

Kanuni hizi zawahusu pia wanaoendesha pikipiki za magurudumu manne, zile zinazokodishwa kwa watalii Pwani, kama vile Diani na Malindi. Zile za michezo nyingi hutumia mnyororo wa 520. Tofauti yake kubwa na bodaboda ni mahali ilipo sproketi ya nyuma. Magurudumu mawili ya nyuma hushirikiana ekseli moja ndefu, nayo sproketi hufungwa kwenye ekseli hiyo, katikati ya magurudumu, ikining'inia karibu na ardhi. Jiwe au kisiki ambacho gurudumu la bodaboda lingekipanda, hapa hupita katikati na kuyagonga meno yenyewe.

Kwa sababu hiyo, chombo cha aina hii hakifai kupelekwa kwenye mawe bila bamba la kinga chini ya mkono wa nyuma. Zipo pia kinga nene za alumini zinazoizunguka sehemu ya chini ya sproketi na kupokea pigo badala ya meno. Kila baada ya safari, kagua kama sproketi imepinda kwa kuzungusha magurudumu na kuitazama kutoka nyuma. Ikiyumba kushoto na kulia, mnyororo utafuata na hatimaye kuruka. Kagua vilevile boliti zinazoifunga, kwani mtikisiko wa nyikani huzilegeza.

Kwenye mchanga mkavu, mafuta mengi ni hasara. Paka kidogo, ufute vizuri, kisha uoshe chumvi na mchanga siku hiyo hiyo kwa maji yasiyo na shinikizo kubwa, ukaushe na kutia mafuta upya.

Badilisha vyote kwa pamoja

Wakati wa kununua unapofika, wengi hushawishika kubadilisha mnyororo peke yake, au kukata viungo viwili ili ule wa zamani ukaze tena. Kukata viungo hupunguza urefu lakini hakurejeshi umbali wa awali kati ya pini na pini. Mnyororo huo utaendelea kupanda meno na kuyala. Vivyo hivyo, mnyororo mpya ukifungwa kwenye sproketi zilizolika, utazeeka kabla ya wakati wake. Rahisi ni ghali. Nunua seti nzima: sproketi ya mbele, ya nyuma na mnyororo, ukihakikisha kwamba saizi na idadi ya meno ni ile ile ya awali.

Baada ya kufunga seti mpya, ikague tena mwishoni mwa siku chache za mwanzo, kwa sababu mnyororo mpya hulegea kidogo unapozoeana na meno. Baadaye endelea na desturi ya kila wiki.

Kazi yote iliyoelezwa hapa, kwa mtu aliyeizoea, haizidi nusu saa kwa wiki, na vifaa vyake ni mswaki, kitambaa, spana mbili, mafuta taa na chupa ndogo ya mafuta ya giaboksi. Ukilinganisha na nauli za siku nzima zinazopotea gerejini, au na abiria aliyeachwa kwenye giza mlimani, hakuna mwendeshaji anayeweza kudai kwamba hana nafasi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Jioni ya leo, kabla ya kuingiza pikipiki ndani, chuchumaa nyuma yake kwa dakika moja na uyatazame meno yale. Yakianza kufanana na pezi la papa, usingoje mlima ukuambie.